Muulize Mwalimu: Nyumba ya Dodford na ekari za wafanyakazi

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni muuguzi hapa Birmingham. Wenzangu wa kazini walinipeleka Dodford, kijiji kilicho karibu na Bromsgrove, tukatembezwa ndani ya nyumba ndogo ya zamani iitwayo Rosedene. Aliyetutembeza alizungumzia Wachartisti na haki ya kupiga kura, lakini muda ulikuwa mfupi na nikatoka na maswali mengi kuliko nilivyoingia. Nyumba yenyewe haina ghorofa wala nakshi. Kwa nini inatunzwa kwa heshima yote ile? Na nyumba ya shambani inahusiana nini na kura?*
*Muuguzi, Birmingham*

Marahaba mwanangu. Umeniuliza kitu ninachokipenda, kwa hiyo nivumilie nikianzia mbali kidogo.

Mwaka 1832 Bunge la Uingereza lilipanua haki ya kupiga kura. Wafanyakazi walikuwa wameandamana kudai mabadiliko hayo bega kwa bega na wenye maduka na wenye viwanda. Sheria ilipotoka, wenye maduka na wenye viwanda wakapata kura, wafanyakazi wakaachwa nje, kwa sababu kura ilifungwa kwenye mali. Mfumaji wa Lancashire, mchimba makaa wa Wales, fundi viatu wa London, wote walilipa kodi kwenye kila walichonunua, na hakuna hata mmoja aliyeulizwa nani amwakilishe.

Ndipo ikaandikwa Hati ya Watu mwaka 1838. Ilidai mambo sita: kila mwanamume mwenye miaka 21 apige kura, kura iwe ya siri, mbunge asilazimike kuwa na mali, mbunge alipwe mshahara ili hata fundi aweze kuingia bungeni, majimbo yawe na wapiga kura wanaolingana, na Bunge lichaguliwe kila mwaka. Walioiunga mkono ndio Wachartisti. Mwaka 1839 walipeleka bungeni ombi lenye saini zaidi ya milioni moja, likakataliwa. Novemba ya mwaka huohuo wafanyakazi waliandamana hadi Newport, Wales, askari wakawapiga risasi na zaidi ya watu 20 wakafa. Mwaka 1842 wakapeleka ombi jingine lenye saini zaidi ya milioni tatu. Nalo likakataliwa.

Jiweke mahali pao. Umeomba kwa karatasi, umekataliwa. Umeingia barabarani, umepigwa risasi. Unafanya nini? Jibu moja lilitoka kwa Feargus O'Connor, mwanasheria wa Ireland aliyewahi kuwa mbunge, na mwenye gazeti la *Northern Star* lililoanza kuchapishwa Leeds mwaka 1837. Watu walilisoma gazeti hilo kwa sauti viwandani na kwenye baa ili hata asiyejua kusoma asikie. O'Connor alikuwa ametoka kufungwa katika ngome ya York, na wafanyakazi walimpenda kuliko kiongozi mwingine yeyote wa wakati ule. Alisema hivi: kama kura imefungwa kwenye mali, basi sisi tununue mali. Tuchange senti zetu, tununue mashamba, tuyagawe vipande, tujenge nyumba, na tuwatoe watu viwandani tuwapeleke kwenye ardhi yao. Wanaobaki viwandani watakuwa wachache, na mwajiri atalazimika kuongeza mshahara. Wanaokwenda shambani watakula jasho lao wenyewe, na kwa mali yao watadai kura.

Mwaka 1845 mpango ukapitishwa, na hatimaye ukaitwa Kampuni ya Taifa ya Ardhi. Mashamba matano yakanunuliwa. La kwanza ni Heronsgate huko Hertfordshire, ambalo walilibatiza O'Connorville. Yakafuata Lowbands na Snigs End, mpakani mwa Gloucestershire na Worcestershire, na Charterville huko Minster Lovell, Oxfordshire. La mwisho ni Great Dodford, lililofunguliwa Julai 1849, na hapo ndipo ulipokuwa umesimama.

Sasa rudi kwenye nyumba. Unasema haina ghorofa wala nakshi. Lakini ulitazama jinsi vyumba vilivyopangwa? Mbele kuna vitatu kwa mstari, jiko likiwa katikati, chumba cha kulala upande mmoja na sebule upande wa pili. Ukiingia mlango wa mbele unajikuta jikoni moja kwa moja, kwa sababu jiko ndipo familia ilipoishi, na moto wa jikoni uliwafaa walio upande huu na walio upande ule. Nyuma ndiko kwa kazi: pa kuoshea vyombo na nguo, chumba cha kuwekea maziwa yasiharibike, pa kuhifadhia mazao, na banda la nguruwe. Hakuna pembe iliyopotezwa. Aliyepanga nyumba ile alijua mkulima anaingia na matope, na alijua vilevile kwamba maziwa na matope havikai chumba kimoja.

Linganisha na walikotoka. Manchester na Liverpool za miaka ile zilikuwa na familia nzima zilizoishi kwenye vyumba vya chini ya ardhi, chumba kimoja kwa kulala, kupika, kuugua na kufa, na choo kimoja kwa mtaa mzima. Mtoto wa mfumaji aliyelala sakafuni kwenye unyevu akahamia kwenye nyumba yenye madirisha na sebule ya kupokelea wageni! Sebule ndiyo inayonigusa mimi. Mtu angeweza kusema kwamba maskini hana haja nayo, chumba cha kulala na jiko vinamtosha. O'Connor na Henry Cullingham, fundi seremala aliyesimamia ujenzi, hawakusema hivyo.

Tena kila nyumba ilisimama peke yake katikati ya kipande chake. Haikuunganishwa ukuta na ya jirani kama nyumba za viwandani, wala haikujengwa getini kwa tajiri. Mlango ulifunguka kwenye ardhi ambayo mwenye nyumba alitarajia kuitawala mwenyewe.

Ndiyo maana inatunzwa. Nyumba nyingi za mashamba yale zimeongezewa vyumba na kupandishiwa ghorofa hadi huwezi kuiona ya mwanzo. Rosedene ilibaki karibu na umbo lake. National Trust, shirika linalohifadhi majengo na maeneo ya kihistoria, waliinunua mwaka 1997, wakairudisha ilivyokuwa pamoja na bustani yake na miti yake ya matunda. Uingereza imejaa majumba ya mabwana yaliyohifadhiwa hadi vijiko vyake. Nyumba za watu waliovilipia vijiko vile kwa jasho lao ni za kuhesabu, na Rosedene ni mojawapo.

Na ile hati? Madai matano kati ya sita yalikuja kuwa sheria: sharti la mali kwa mbunge likaondolewa mwaka 1858, kura ya siri ikaja mwaka 1872, majimbo yakasawazishwa kwa kiasi kikubwa mwaka 1885, mishahara ya wabunge mwaka 1911, na kura kwa kila mwanamume mwenye miaka 21 mwaka 1918. Lililobaki ni Bunge la kila mwaka tu.

*Habari za kazi, Mwalimu. Ni mhasibu, naishi Leeds. Nimefurahi kuona wasomaji wakikuuliza kuhusu O'Connor, ila naomba usimpambe. Nimesoma kwamba watu 70,000 walichanga kwenye kampuni yake ya ardhi na waliopata kipande ni kama 250. Kwa macho ya kazi yangu huo ni utapeli wa upatu. Unasemaje?*
*Mhasibu, Leeds*

Nzuri, ndugu yangu. Idadi zako ni sahihi, na nimezirudia mara nyingi, kwa sababu ukizipita haraka unawakosea waliochanga.

Hisa moja iliuzwa pauni 1 na shilingi 6, na pauni moja ya wakati ule ilikuwa shilingi 20. Aliyetaka ekari mbili alinunua hisa mbili, yaani pauni 2 na shilingi 12. Ekari tatu ni pauni 3 na shilingi 18, na ekari nne pauni 5 na shilingi 4. Hakuna aliyelipa kwa mkupuo. Walilipa peni chache kila juma kwenye tawi lao, nyuma ya duka la fundi viatu au kwenye chumba cha juu cha baa, na katibu akaandika. Wanawake walichanga pia kwa majina yao wenyewe. Ukishamaliza kulipa, jina lako linaingia kwenye kura ya bahati. Likitoka, unapata kipande, nyumba, na fedha za kuanzia, pauni 15 kwa ekari mbili, hadi pauni 30 kwa ekari nne.

Sasa tufanye hesabu pamoja, wewe na mimi. Shamba la Dodford lilikuwa na ekari karibu 280 na liligharimu zaidi ya pauni 10,000. Hiyo ni kama pauni 37 kwa ekari. Kwa hiyo ekari mbili ni pauni 74, kabla hujaweka tofali hata moja. Mwanachama amechanga pauni 2 na shilingi 12. Ili apate ardhi yake tupu, michango ya watu 28 imekwenda. Ongeza nyumba, ongeza fedha za kuanzia, ongeza samadi na kulima kwa mara ya kwanza, vitu ambavyo kampuni iliahidi kuvitoa.

O'Connor alijua hilo. Nia yake ilikuwa kununua shamba la kwanza, kuligawa, kisha kuliweka rehani na kununua la pili kwa fedha hizo, halafu la pili linunue la tatu. Wakazi walipe kodi ya pango, kodi ilipe riba. Kasoro iko hapa: hakuna mkopeshaji anayekupa thamani yote ya ulichoweka rehani. Kila mzunguko fedha zinapungua, na foleni ya wanachama inazidi kurefuka. Hata kama mambo yote yangekwenda sawa, wengi wa wale 70,000 wangezeeka wakisubiri. Katika hilo nakubaliana na wewe kabisa, na namlaumu. Alitangaza kwenye gazeti lake kwa sauti kubwa mno, na watu walimwamini kwa sababu walimpenda.

Lakini upatu wa kitapeli una dalili moja ambayo wewe mhasibu unaijua: fedha zinaishia mfukoni mwa mwanzilishi. Mwaka 1848 Bunge liliunda kamati teule kuichunguza kampuni. Kumbuka hilo ni Bunge lilelile lililokuwa likiwakataa Wachartisti, halikuwa na sababu ya kumwonea O'Connor huruma. Kamati ilikuta kwamba mpango ulikuwa kinyume cha sheria na kwamba vitabu viliandikwa vibaya. Kuhusu wizi, ikakuta kinyume chake. Makosa ya vitabu yalimwumiza O'Connor mwenyewe, na kampuni ilikuwa ikidaiwa naye zaidi ya pauni 3,000. Alikuwa ametia fedha zake. Mwizi wa namna gani huyo anayeibia mfuko wake?

Sheria nayo haikuwasaidia. Walijaribu kusajiliwa kama chama cha kusaidiana, msajili akakataa. Wakageukia sheria ya makampuni ya hisa, nayo ilitungwa kwa ajili ya wafanyabiashara wachache wenye fedha nyingi, haikuwafikiria makumi ya maelfu ya watu wenye hisa moja moja. Usajili kamili ungemeza fedha ambazo zilichangwa kununulia ardhi. Kampuni haikuwahi kuumaliza. Nami nauliza: tajiri aliyetaka kununua ekari 280 alihitaji nini zaidi ya mwanasheria mmoja na kalamu?

Kuna jambo jingine linaloniuma kuhusu Dodford hasa. Ile kura ya bahati ilipohesabiwa kuwa bahati nasibu isiyo halali, ikabidi ikomeshwe, na vipande vya Dodford vikaenda kwa walioweza kuweka amana kubwa zaidi. Yule aliyelipa peni zake juma baada ya juma kwa miaka, akisubiri jina lake litoke, akajikuta hana nafasi tena. Waliohamia Dodford walikuwa watu wa kazi, lakini wenye akiba. Ninapoisifu Rosedene nalikumbuka hilo, na sitaki msomaji alisahau.

Mwaka 1851 Bunge lilipitisha sheria ya kuifunga kampuni na mali yake ikauzwa. O'Connor, ambaye mwaka 1847 alikuwa amechaguliwa mbunge wa Nottingham, alianza kurukwa na akili. Mwaka 1852 alipelekwa kwenye nyumba ya wagonjwa wa akili huko Chiswick, na mwaka 1855 akafa. Makumi ya maelfu walimsindikiza hadi makaburi ya Kensal Green. Wengi wao walikuwa watu wa tabaka lilelile lililochanga na kupoteza. Wewe na mimi tunaweza kumhukumu kwa vitabu vyake. Waliompoteza na waliopoteza fedha zao kwake walikwenda kumzika, na ushahidi wao nauheshimu.

Na usidhani upinzani ulitoka kwa matajiri tu. Bronterre O'Brien, mmoja wa waandishi wakubwa wa Wachartisti, aliupinga mpango tangu mapema. Yeye alitaka ardhi yote iwe mali ya taifa, na aliona kwamba kumpa mfanyakazi mmoja mmoja kipande chake ni kumfanya mmiliki mdogo atakayewasahau wenzake. Hoja hiyo ni nzito kuliko ya utapeli. Sijawahi kupata jibu lake linaloniridhisha.

*Shikamoo Mwalimu. Nachuma stroberi Herefordshire kila msimu. Ulitaja ekari nne. Mimi naiona kazi ya shamba kila siku, na ekari nne naona ni kama uwanja wa kuchezea. Familia iliishije?*
*Mchumaji*

Marahaba. Wewe ndiye ungefaa kukaa kwenye ile kamati ya Bunge.

O'Connor aliamini sepetu kuliko plau. Alisema ardhi ndogo ikichimbwa kwa mkono, kwa kina, ikalishwa samadi bila ubahili, itazaa kuliko shamba kubwa la kuajiri vibarua. Kwa ekari nne aliorodhesha ngano, viazi, mboga, malisho ya ng'ombe, nguruwe na kuku, na akawapigia watu hesabu ya faida kila mwaka.

Kwenye karatasi inawezekana. Tatizo la kwanza ni mikono. Mfumaji aliyekaa kitako miaka 20 mbele ya mashine ana vidole vyepesi na mgongo usiojua kuinama siku nzima. Wengi hawakuwahi kupanda chochote. La pili ni tumbo: unafika, unapanda, na mpaka uvune unakula nini? Zile pauni za kuanzia zilikwisha upesi. La tatu ni viazi. Ugonjwa wa viazi uliingia mwaka 1845, ukaifisha Ireland kwa njaa na ukaharibu mashamba ya Uingereza pia, na viazi vilikuwa nusu ya mpango mzima. Kwenye mashamba ya mwanzo baadhi ya walowezi walirudi mjini baada ya muda mfupi. Wengine walibaki lakini wakagoma kulipa pango, wakagombana na kampuni na waliokopesha juu ya rehani.

Dodford ni udongo wa mfinyanzi. Mvua ikinyesha unashika buti, jua likiwaka unapasuka. Anayepanda ngano kwenye ekari nne za udongo ule anajitafutia umaskini. Waliofanikiwa walifanya ambacho O'Connor hakukiweka mbele: waliacha kutaka kulisha familia kutoka shambani moja kwa moja, wakalima cha kuuza. Na cha kuuza kilikuwa stroberi.

Wewe siku hizi unachuma ukiwa umesimama, chini ya turubai, vitanda vimeinuliwa. Wao walipanda chini. Chimba kwa sepetu, vunja mabonge, changanya samadi hadi udongo ulegee. Panda miche. Matunda yakikaribia kuiva tandika nyasi kavu chini yake yasiguse matope wala kuoza, kisha uchume alfajiri kabla jua halijayalegeza, moja moja, na kikonyo chake. Shamba la ekari 300 haliwezi kuhangaika hivyo bila jeshi la vibarua. Familia yenye ekari nne, mama, baba na watoto wanaojua kila mstari, inaweza. Hapo ndipo udogo wa kipande ulipogeuka kuwa faida. Birmingham ilikuwa karibu, mji unaokua na wenye hamu ya matunda mabichi, na stroberi ya Dodford ikapata jina. Msimu ukifika, wanawake walitoka mjini kuja kuchuma, kama wewe unavyokwenda Herefordshire. Walilima vitunguu saumu pia, na husemwa kwamba viliuzwa kwa watengenezaji wa ile sosi maarufu ya Worcester.

Kazi hiyo iliendelea hadi karne ya 20. Kwa hiyo jibu langu ni kwamba ekari nne zilitosha kwa aliyepata zao linalodai mikono mingi, soko lililo karibu, na miaka michache ya kuvumilia. Kampuni iliwapa ekari. Hayo mengine walijitafutia.

*Mwalimu, za leo. Mimi ni fundi ujenzi, niko Oxfordshire. Nimeitwa kufanya matengenezo kwenye nyumba ya Charterville, Minster Lovell. Mwenye nyumba anataka nipige plasta ya saruji kwa nje na nibadilishe madirisha, unyevu umezidi. Ninyamaze nifanye?*
*Fundi*

Usifanye, fundi, mpaka umeuliza kwanza.

Charterville ilikuwa na nyumba 78, na baadhi ya zilizosalia zimeorodheshwa kama majengo ya kihistoria yanayolindwa. Kuibadilisha nyumba kama hiyo kwa namna inayogusa sura yake bila kibali cha halmashauri ni kosa la jinai hapa Uingereza, na aliyeifanya kazi anaweza kushtakiwa pamoja na mwenye nyumba. Mwambie bosi wako awasiliane na afisa wa uhifadhi wa halmashauri kabla hujapandisha ngazi. Ushauri huo mara nyingi ni wa bure au wa gharama ndogo.

Kuhusu unyevu, saruji itauongeza. Ukuta wa mawe wa zamani hauna nafasi ya hewa katikati kama kuta za sasa. Unanyonya maji ya mvua kidogo na kuyaachia tena upepo ukipiga. Chokaa inaruhusu hilo. Saruji inaziba, inapata ufa mwembamba kama unywele, maji yanaingia kwenye ufa na hayana pa kutokea isipokuwa ndani, kwenye kitanda cha mtu. Anza kwa kutazama mifereji ya paa imeziba wapi, na kama udongo wa nje umepanda juu kuliko sakafu. Mara nyingi ugonjwa uko hapo. Kama plasta lazima ipigwe, basi iwe ya chokaa, na usikimbie: kila tabaka lipewe muda wa kukauka. Madirisha tengeneza mbao zilizooza, usiyang'oe yote.

Nakuandikia kwa msisitizo kwa sababu nyumba unayoigusa ilijengwa na mafundi wenzako kwa ajili ya wafanyakazi wenzako, na fedha zilitoka kwenye peni za watu waliokuwa na njaa. Inastahili chokaa nzuri.

*Shikamoo Mwalimu. Naishi Watford na nina watoto watatu wanaochoka haraka na makumbusho. Umesema shamba la kwanza lilikuwa Hertfordshire. Kuna kitu cha kuwaonyesha?*
*Mama wa watatu, Watford*

Marahaba mama. Kipo, na kwako ni jirani.

Nenda Heronsgate, karibu na Rickmansworth. Ndiyo ile O'Connorville, ekari 103, ambako walowezi 35 wa kwanza walihamia tarehe 1 Mei 1847. Wasomee watoto vibao vya njia: utakuta Stockport, Bradford, Nottingham. Ni majina ya miji ya viwanda walikotoka wenyeji wale wa kwanza, na mtoto anaweza kuichukua ramani ya Uingereza na kutazama walivyosafiri.

Waambie pia habari za ng'ombe. Mwaka 1846, kabla hata nyumba hazijaisha, maelfu ya watu walifika kulitazama shamba lao, na kati ya waliokaribishwa kwa shangwe alikuwamo ng'ombe aliyeitwa Rebecca, amepambwa kwa rangi za harakati. Watoto wangu darasani walikuwa wakisahau tarehe zote za Wachartisti, Rebecca hawakumsahau.

Pembeni kuna baa yenye jina refu, *The Land of Liberty, Peace and Plenty*, yaani nchi ya uhuru, amani na neema. O'Connor hakutaka pombe ndani ya shamba lake, kwa hiyo ilifunguliwa nje kidogo ya mpaka.

Nyumba zenyewe ni makazi ya watu na nyingi zimebadilishwa sana, hivyo zitazameni kutoka barabarani bila kuingia viwanja vya watu. Mkitaka kuingia ndani ya nyumba, basi ni safari ya Dodford. Rosedene hufunguliwa siku chache kwa mwaka na kwa wageni waliojiandikisha mapema, kwa makundi madogo, kwa sababu vyumba havibebi wengi. Tazama tarehe kwa National Trust kabla hujawaahidi watoto. Ukiweza, chagua siku za mwanzo wa kiangazi, bustani ikiwa na kitu cha kuona.